Nunua Maana Yake Nini, Jamani?

Tarehe 26 Februari 2025 Amazon waliondoa kitufe kimoja. Kitufe kidogo tu, wala hakikuwa ukurasa wa mbele. Kilimruhusu mtu aliyenunua kitabu cha Kindle akipakue kwenye kompyuta yake, kisha akihamishie kwenye kifaa chake kwa waya. Yaani kama wewe ni mtu wa wasiwasi, au una kifaa cha zamani kisichoshika intaneti vizuri, ulikuwa unalishika faili lako mkononi, unaliweka kwenye diski, unalala usingizi wako. Kitufe kikaondoka. Na siku hizo hizo wateja wa Marekani wakaanza kuona sentensi mpya karibu na pale pa kununulia: kwamba ukiagiza kitabu hiki, unachonunua ni leseni ya kukitumia.

Leseni! Kama ya bodaboda.

Sentensi hiyo ilitokea wiki chache baada ya jimbo la California kuanza kutumia sheria mpya, tarehe 1 Januari 2025. Sheria inasema hivi kwa ufupi: wewe muuza bidhaa za kidijitali, usimwambie mteja "nunua" kama unachompa ni ruhusa unayoweza kuifuta, mpaka umweleze wazi kwamba ni leseni. Sioni kama ni sadfa. Lakini tusiende mbio. Tusimame kidogo kwenye jambo lenyewe, maana ni la ajabu: wabunge wamekaa kikao, wamepiga kura, gavana ametia saini, ili kulinda maana ya kitenzi. Kazi ambayo huku kwetu tunawaachia wazee wa baraza la Kiswahili, wenzetu wameipeleka bungeni. Na walifanya vizuri, kwa sababu kitenzi kilikuwa kimeibiwa mchana kweupe.

Sisi ni watu wa maneno, basi tulipime hili kwa maneno. Kiswahili hakina njaa ya vitenzi katika biashara hii. Ukinunua kitu, kimekuwa chako: ukitaka kiuze, ukitaka kigawe, ukitaka kitie moto. Ukikodi, unakirudisha, kama viti vya harusi. Ukipanga, unalipa kodi ya miezi sita mbele na unamwamkia baba mwenye nyumba hata kama hutaki. Ukiazima, hulipi, ila unadaiwa adabu. Ukikopa sukari, unarudisha sukari nyingine. Ukiweka saa yako rehani, unajua iko kwa nani na inakomboleka kwa shilingi ngapi. Kila kitenzi kimebeba mkataba tumboni mwake, na mtoto wa miaka saba anaujua. Muulize kama mpira aliouazima kwa jirani ni wake.

Haya. Kile kitabu cha kwenye simu yako, umekifanya nini?

Hukukinunua, kwa sababu huwezi kukiuza, huwezi kumpa shemeji yako akasome akurudishie, na masharti yenyewe yanakuambia leseni yako haihamishiki kwa mtu mwingine. Hukukikodi, kwa sababu kukodi kuna mwisho unaojulikana. Viti vya harusi unajua kabisa kesho saa nne gari litakuja kuvichukua. Hapa gari linaweza kuja leo, au baada ya miaka kumi, au lisije. Hukukipanga, maana hata baba mwenye nyumba mkorofi kuliko wote mtaani inabidi agonge mlango. Hukukiazima, kwa sababu umelipa, na umelipa bei ambayo wakati mwingine inakaribia ile ya kitabu cha karatasi.

Lugha iliyotunga majina ya kila aina ya ndizi na kila aina ya upepo haina kitenzi cha kitu hiki. Kinachokaribia ni ile methali ya nguo ya kuazima kutositiri matako. Tofauti ni kwamba hapa nguo tumeilipia bei ya dukani, risiti tunayo, na matako bado yako nje.

Wenye kampuni watasema: mbona yote tumeyaandika? Kweli wameyaandika. Wameyaandika kule ambako matangazo ya redio huficha mambo, pale mtangazaji anapomaliza kusifia zawadi kwa sauti ya asali halafu anakimbiza "vigezo na masharti kuzingatiwa" kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Neno kubwa la rangi ya chungwa linasema nunua, na kurasa kadhaa za herufi za mchwa zinasema hukununua. Kama dhamira ilikuwa safi, kitufe kingeandikwa tangu zamani: "Lipa, usome mpaka tutakapoghairi." Tungejua tunaingia wapi, na wengi tungelipa vile vile, ila tungelipa kidogo.

Najua kuna mtu ameshaanza kuniona natia chumvi. Basi tuangalie rekodi.

Julai 2009, wasomaji wa Marekani waliokuwa wamenunua nakala fulani za vitabu vya George Orwell kwenye Kindle waliwasha vifaa vyao wakakuta vitabu havipo. Amazon waliingia kwa mbali wakavifuta, wakarudisha fedha. Sababu ilikuwa kwamba aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza nchini humo. Sawa, hiyo ni kesi halali kati ya duka na mwenye haki. Lakini mnunuzi ameingiaje? Duka la vitabu likigundua limeuza nakala haramu halitumi mtu usiku avunje dirisha la mteja, achukue kitabu kitandani, aache noti mezani. Na vitabu vyenyewe vilikuwa *1984* na *Animal Farm*: kimoja kina serikali inayofuta maandishi yasiyoipendeza, kingine kina sheria ukutani zinazobadilika watu wakiwa wamelala. Ungeitunga hadithi hiyo ukampelekea mhariri, angekurudishia na kalamu nyekundu: kejeli imezidi, haiaminiki.

Mwanafunzi mmoja wa Michigan alikuwa anakisoma *1984* kwa ajili ya shule, akaandika maelezo yake ndani ya kifaa. Maelezo yakabaki yananing'inia, yanarejelea kurasa ambazo hazipo tena. Akaenda mahakamani, kesi ikaisha kwa mapatano, na kampuni ikaahidi kutorudia isipokuwa kwa sababu kadhaa zilizotajwa. Jeff Bezos mwenyewe aliomba radhi hadharani na kukiita kitendo cha kampuni yake cha kijinga. Nampa heshima yake kwa hilo. Ila alichoomba radhi ni kwamba walikitumia kisu vibaya; kisu hakikutupwa.

Hapa sharti niseme kitu kuhusu kabati zetu. *Animal Farm* tunacho kwa Kiswahili, *Shamba la Wanyama*, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka Nairobi mwaka 1967. Kama una nakala ya wakati huo, pengine mende wameionja pembeni, jalada limeshikwa na selotepu, na ukurasa wa kwanza una majina ya watu wanne waliowahi kuwa nayo. Bado ni yako. Hakuna mtu popote duniani mwenye kitufe cha kuifanya isiwepo asubuhi.

Tuendelee. Mwaka 2019 Microsoft, kampuni isiyo na shida ya fedha, iliamua kwamba biashara ya vitabu haiifai. Ikatangaza Aprili kuwa inafunga duka lake la vitabu, na kuanzia Julai vitabu vyote vilivyokuwa vimenunuliwa humo vikaacha kufunguka. Vyote, hata vile vya bure. Fedha zilirudishwa, hilo ni jambo la kusifu. Na waliokuwa wameandika maelezo yao pembezoni mwa kurasa waliongezewa dola 25. Nimelifikiria sana hilo la dola 25. Miaka miwili unasoma, unabishana na mwandishi, unaandika "hapa anadanganya" na "mama aliniambia hivi hivi", halafu kampuni inakupa dola 25 kwa mawazo yako yote kwa ujumla. Mfuasi wa falsafa na msomaji wa mapishi, bei moja.

Halafu mwaka 2023. Wachapishaji wa Roald Dahl huko Uingereza, Puffin, walitoa matoleo yaliyohaririwa ya vitabu vyake vya watoto. Maneno mamia yakabadilishwa ili yasiudhi. Watu wakagombana wiki nzima kama mabadiliko yenyewe ni mazuri au mabaya, na ugomvi huo siuingii. Kilichonishtua mimi kiliripotiwa baadaye kidogo na magazeti ya huko: watu waliokuwa tayari wamenunua vitabu hivyo kwa njia ya kidijitali walikuta nakala zao zimebadilika zenyewe. Hawakuombwa. Baba mwenye nyumba ameingia ukiwa kazini, amepaka ukuta rangi nyingine, amehamisha kitanda, na picha ya marehemu babu ameikata sikio kwa sababu lilikuwa kubwa mno. Labda rangi mpya ni nzuri kuliko ile ya kwanza. Ila si ungebisha hodi?

Matukio hayo matatu yana sababu tatu tofauti: haki miliki, hesabu za biashara, na adabu ya lugha. Mlango uliotumika ni mmoja. Ndiyo maana siridhiki ninapoambiwa "lakini hiyo ilikuwa dharura." Mlango ukishakuwepo, dharura hazikosekani.

Jambo hili lilishapiganiwa zamani kwenye karatasi, na wasomaji walishinda. Mwaka 1904 kampuni ya Bobbs-Merrill ya Marekani ilitoa riwaya iitwayo *The Castaway* na kuchapa ndani yake onyo: asiyekiuza kwa dola moja kamili anavunja haki yetu. Duka la Macy's likakiuza kwa senti 89. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 1908 majaji wakasema: mchapishaji ukishauza nakala, umeiuza; huwezi kuifuata sokoni ukaipangia bei. Juu ya kanuni hiyo ndogo ndipo yalipokaa maduka ya vitabu vilivyotumika, zawadi za vitabu, na ule ustaarabu wa kumaliza kitabu ukamwachia mtu kwenye basi. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliulizwa kama kanuni ya aina hiyo inafika kwenye vitabu vya kidijitali, kwamba mtu aliyelipia anaweza kukiuza tena. Ikasema hapana. Mitumba ya karatasi ruksa, mitumba ya umeme marufuku. Kile ambacho Bobbs-Merrill walikosa kwa sheria mwaka 1908, warithi wao wamekipata kwa kubadilisha karatasi kuwa skrini.

Sasa sisi wasomaji wa Kiswahili inatuhusu nini? Wengine mtasema Kindle ni ya wazungu, sisi tuna shida ya bando.

Inatuhusu kuliko hao wazungu. Fasihi yetu imefika hapa kwa mikono ya watu. Muyaka bin Haji alikufa Mombasa mwaka 1840, hakuacha diwani iliyochapwa. Tunamsoma leo kwa sababu watu waliyashika mashairi yake vichwani na kwenye makaratasi, na miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua akayakusanya na kuyaeleza akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, mpaka yakachapwa mwaka 1940. Hebu fikiria mnyororo huo ungekuwa wa leseni. Mshairi amekufa, akaunti imefungwa, nywila aliijua mwenyewe. Mjukuu anaambiwa haki ya kusoma haihamishiki. Kwaheri Muyaka.

Au chukua *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Kwa muda ilizuiwa shuleni, watu wakiona inasema mno. Nini kilifuata tunakijua wote: ilisomwa chini ya madawati, chini ya mito, ikazunguka bweni zima mpaka ikaisha jalada, na baadaye ikarudi madarasani kwa heshima zote. Amri ya kuizuia ilikuwa amri ya karatasi dhidi ya karatasi. Ingekuwa imekaa kwenye programu moja ya simu, seva moja, kampuni moja yenye kibali cha biashara cha kulinda, kazi ingeisha kwa simu ya dakika tano. Isingebaki hata nakala moja ya kufichwa chini ya mto.

Na tusiwasahau wauza vitabu wa chini, wale wanaotandika turubai kando ya barabara Dar es Salaam na Nairobi, unainama kuchagua mpaka kiuno kinauma. Januari mzazi anabeba vitabu vya mtoto aliyevuka darasa anavibadilisha na vya darasa jipya, anaongeza kidogo, siku imekwisha. Huo ni mfumo wa elimu, na hakuna waziri aliyeuzindua. Unafanya kazi kwa sababu moja tu: kitabu kikishanunuliwa ni mali, na mali inazunguka. Hamishia vitabu vya kiada vyote kwenye leseni na huyo mzazi ataanza kununua upya kila Januari, mtoto wa kwanza mpaka wa sita.

Naijua hoja ya upande wa pili, na ni hoja ya kweli. Waandishi wetu wanaibiwa. Riwaya inatoka Jumatatu, Jumatano PDF yake iko kwenye makundi ya WhatsApp, na aliyeituma ameandika "pokeeni, msimsahau Mungu." Mwandishi hapati hata ya chai. Anapoambiwa kuna programu itakayofungia kazi yake kwa kufuli, lazima aruke kwa furaha, na mimi siwezi kumlaumu mtu mwenye njaa kwa kupenda kufuli.

Lakini tuulize kufuli linamfungia nani. Mwizi mmoja akishalivunja, wote wa nyuma yake wanapata faili lisilo na kufuli, lisilofutika, linalofunguka kwenye simu yoyote, lisilobadilishwa maneno usiku. Aliyelipa ndiye anayebaki na kufuli. Tumefika mahali ambapo mali ya wizi ni bora kuliko mali ya halali, halafu tunashangaa watu hawanunui. Na lipo jaribio la kweli: mwaka 2012 Tor, wachapishaji wakubwa wa riwaya za kubuni za sayansi, waliondoa makufuli kwenye vitabu vyao vyote vya kidijitali. Baada ya mwaka mmoja wakasema hawakuona wizi ukiongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Walichopata ni wasomaji waliowaamini.

Isitoshe, sisi tayari tuna mfano wetu. Wapo watunzi wa simulizi wanaouza kazi zao moja kwa moja: sehemu za mwanzo bure, zinazofuata unatuma fedha kwa simu, unatumiwa. Hapana kufuli, hapana leseni. Kuna wanaoibiwa, ndiyo. Pia kuna msomaji anayemjua mwandishi wake kwa jina, anamtakia Idi njema, na anaona aibu kumwibia. Hiyo aibu ina nguvu kuliko programu nyingi.

Sisemi turudi kwenye karatasi tu. Msomaji wa Kiswahili aliyeko Minneapolis au Muscat akitaka riwaya mpya, faili linamfikia kwa sekunde, na kifurushi kinamfikia kikijisikia. Mwenye macho mabovu anakuza herufi. Kitabu kilichokwisha kuchapwa miaka thelathini iliyopita kinaweza kufufuka bila mtambo wa chapa. Hizo ni neema, na sitaki tuzipate kwa kuuza haki ya msomaji.

Kwa hiyo nina maombi, na nayatoa bila kupiga magoti. Wachapishaji wetu, mnapotengeneza programu zenu za kuuzia vitabu, toeni faili ambalo mteja analipakua na kubaki nalo hata siku kampuni ikifungwa. Hata ile sheria ya California inawaacha kwa amani wanaouza hivyo. Wao kweli wanauza. Kama mnataka kukodisha, andikeni kodisha, taja siku, punguza bei, hatutagombana. Waandishi, someni mkataba kabla ya kutia saini, muulize siku programu ikifa, wasomaji wangu watabaki na nini. Wasomaji, lipeni. Ukipokea PDF ya wizi, mtafute mwandishi umtumie chake. Na kilicho chenu, kihifadhini mahali ambapo hakihitaji ruhusa ya mtu kukifungua.

Na ninyi mnaotafsiri programu kwenda Kiswahili, mnaoletewa orodha ya maneno mtafsiri kwa malipo ya senti, mko mlangoni kabisa. Mkifika kwenye kile kitufe, ulizeni kwanza mteja atabaki na nini. Kama hatabaki na kitu, msituwekee "Nunua." Neno hilo lina wenyewe.